Mahindi yenye kuvu na saratani ya ini: kinachotokea ndani ya seli

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka. Tangu hapo neno hilo limetoka kwenye semina za maofisa ugani na kuingia sokoni. Zuio lilidumu siku chache tu, likalegezwa kwa masharti ya vipimo na vyeti, lakini maneno hayakwisha. Kila mavuno yanapoanza utayasikia kwenye masoko yetu ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Mwanjelwa, Makambako na Tunduma, mtu ameshika punje zenye ukungu wa kijani kiganjani. Huyu anasema ukila hizi ini limekwisha. Yule anamjibu kwamba babu yake amekula mahindi ya namna hiyo maisha yake yote na sasa ana miaka tisini, jembe bado liko begani.

Ubishi huo hauishi kwa sababu pande zote mbili zimechanganya madhara mawili tofauti ya kitu kimoja. Sumukuvu nyingi kwa mkupuo huliumiza ini papo hapo. Mwaka 2016 watu 68 waliugua hivyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 kati yao wakafariki, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani. Huko ni kula sumu, na dalili zake huonekana ndani ya siku au wiki. Saratani ni habari nyingine. Hapo kiasi ni kidogo, hakina harufu wala ladha, kinaliwa mwaka baada ya mwaka, na kinachoumizwa ni maandishi yaliyo ndani ya seli.

Maandishi hayo ndiyo vinasaba, au DNA. Mwili umejengwa kwa seli, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, na karibu kila seli ina maelekezo kamili ya kazi zake: itengeneze nini, igawanyike lini, ikome lini, ife lini. Yameandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, na seti moja ina herufi zipatazo bilioni 3. Kila seli ina seti mbili, moja ya baba na moja ya mama. Sehemu ya maandishi yenye maelekezo ya kazi moja huitwa jeni. Saratani huanza pale maelekezo ya kugawanyika na kukoma yanapoharibika katika seli moja, seli hiyo ikazaa nyingine zenye hitilafu ileile, na ukoo huo ukaendelea kuongezeka bila kusikia amri ya kusimama.

Herufi hizo hazikai peke yake. Vinasaba ni nyuzi mbili zilizosokotana, na kila penye A upande mmoja, upande wa pili pana T, na penye G pana C. Maana yake ukijua upande mmoja umeujua na wa pili. Waliowahi kuweka hisa kwenye kikoba wanaujua mpango huu. Kila hisa huandikwa mara mbili, kwenye daftari la kikundi na kwenye kitabu cha mwanachama. Tone la chai likidondokea daftari na kufuta tarakimu, katibu anaomba kitabu cha mwanachama, anasoma, anarekebisha, maisha yanaendelea. Tatizo hutokea daftari likijaa na katibu akahamishia hesabu kwenye daftari jipya kabla ya kulishughulikia lile doa. Anakisia. Kilichokuwa elfu 50 kinaandikwa elfu 80, kitabu kipya cha mwanachama kinajazwa kutoka humohumo, na tangu siku hiyo vitabu viwili vinakubaliana juu ya uongo. Hakuna tena pa kuangalizia.

Ndani ya seli ni hivyohivyo. Kemikali huleta doa. Doa peke yake si saratani, wala halijawa kosa la kudumu. Huwa kosa la kudumu seli inapogawanyika, kwa sababu kabla ya kugawanyika lazima inakili vinasaba vyote, na ikikuta herufi isiyosomeka huweka ya kubahatisha. Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu kemikali yoyote ni nani anawahi, urekebishaji au unakili.

Tuifuate sasa sumukuvu yenyewe. Iliyo kali kuliko zote huitwa aflatoksini B1, na hutengenezwa na kuvu, hasa yule aitwaye Aspergillus flavus, kwenye mahindi na karanga. Haikutoka kiwandani wala kwenye mbolea. Wanasayansi waliifahamu baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Ajabu yake ni kwamba ikiingia mwilini kama ilivyo haina uwezo wa kugusa vinasaba. Uwezo huo inaupata kwenye ini.

Kazi mojawapo ya ini ni kuondoa vitu vigeni. Vile visivyoyeyuka kwenye maji ni vigumu kutoka kwa mkojo, basi vimeng'enya vya ini huvibandika oksijeni ili viweze kuyeyuka. Kwa vitu vingi njia hiyo ni salama. Kwa aflatoksini B1 hatua hiyo ya kati huzaa umbo lisilotulia kabisa, ambalo halidumu muda mrefu lakini katika muda huo mfupi hung'ang'ania chochote kilicho karibu. Ini limejiandaa kwa hilo pia: lina akiba ya kitu kiitwacho glutathioni, kinacholidaka umbo hilo na kulitoa nje ya mwili. Kiasi kikiwa kidogo, sehemu kubwa inadakwa. Inayoponyoka na kufika kwenye vinasaba hujishikiza kwenye herufi G. Hilo ndilo doa.

Moshi una hadithi ya karibu sana na hiyo. Ndani ya moshi wa sigara, wa kuni na wa makaa ya mawe mna kemikali iitwayo benzopirini, nayo pia haina madhara kwa vinasaba mpaka vimeng'enya vyetu wenyewe viibadilishe, halafu nayo huikimbilia G. Binadamu alianza kuushuku moshi kabla hajajua vinasaba ni nini. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa wasafisha mabomba ya moshi, ambao masizi yaliwaganda mwilini tangu utotoni. Mwaka 1915 Wajapani wawili, Yamagiwa na Ichikawa, walitoa ripoti ya majaribio yao ya kupaka masikio ya sungura lami ya makaa ya mawe, tena na tena kwa miezi, mpaka saratani ikatokea. Neno la kushika hapo ni tena na tena. Kupaka mara moja kusingewapa kitu.

Kwa nini kusingewapa? Kwa sababu seli hairuhusu doa likae hivihivi. Kila seli hupata madoa kwa maelfu mengi kila siku, na mengi yake hayaletwi na kitu chochote kutoka nje. Maji yaliyo ndani ya seli hula vinasaba polepole, na oksijeni tunayoivuta huacha mabaki makali. Mtu anayeuliza ahamie wapi akae bila kuharibiwa vinasaba hana pa kwenda, hata akijenga juu kabisa kwenye nyasi za Kitulo. Tumeumbwa na njia za kurekebisha. Waliozifafanua, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Kwa doa kubwa kama la aflatoksini au benzopirini, kundi la protini hupita juu ya uzi likitafuta mahali palipovimba. Likipaona, hukata pande zote mbili za doa, hutoa kipande cha herufi zipatazo 30, kisha hujaza pengo kwa kusoma uzi wa pili. Kitabu cha mwanachama kimesaidia. Kazi hii hufanyika sasa hivi ndani ya ini lako na la babu wa miaka tisini, bila ninyi kuhisi lolote.

Madoa yakizidi, seli hupiga breki. Protini iitwayo p53 husimamisha unakili mpaka marekebisho yaishe, na hali ikiwa mbaya mno huiamuru seli ijiue. Kufa kwa seli moja iliyoharibika ni hasara ndogo sana. Kuishi kwake ndiko kunakotisha, na takriban nusu ya saratani za binadamu zimekutwa na hitilafu kwenye jeni ya p53. Hapa nichomekee habari ya jirani zetu wa Ruaha. Tembo ana seli nyingi mara nyingi kuliko mtu na huishi miaka mingi, kwa hesabu ya kawaida angepaswa kuugua saratani ovyo, na haugui hivyo. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba ana takriban nakala 20 za jeni ya p53 katika kila seti, wakati sisi tunayo moja, na seli zake zikiharibiwa hujiua mapema kuliko zetu. Inaaminika hiyo ni sehemu ya siri yake.

Sumukuvu imekutwa ikiacha alama yake kwenye jeni hiyohiyo. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yalipima uvimbe wa saratani ya ini kutoka Qidong nchini China na kutoka kusini mwa Afrika, sehemu zenye sumukuvu nyingi chakulani. Wagonjwa wengi walikuwa na kosa mahali pamoja kwenye jeni ya p53, sehemu ya 249, ambapo G imegeuka T. Ni kosa lilelile linalotarajiwa pale G yenye doa la aflatoksini inaponakiliwa kabla ya kurekebishwa. Yaani breki yenyewe ndiyo iliyoandikwa vibaya, na seli ikiikosa breki, makosa yanayofuata hayana wa kuyazuia.

Hata hivyo kosa moja halitoshi. Kwa kawaida lazima yakusanyike kadhaa katika ukoo mmoja wa seli, na kukusanyika kunachukua miaka, mara nyingi miongo. Ndiyo maana saratani nyingi ni za watu wazima, na ndiyo maana babu anaweza kupona: labda madoa yake yalirekebishwa kwa wakati, labda makosa yaliangukia kwenye maandishi yasiyo na kazi kubwa, labda miaka mingi alikula mahindi safi na anakumbuka mwaka mmoja mbaya tu. Babu mmoja si kipimo. Mabibi na mababu waliokufa na tumbo lililojaa maji hawapo kijiweni kutoa ushahidi, na enzi zao wengi waliambiwa wamerogwa.

Kuna jambo moja linaloongeza hatari kuliko wengi wanavyofikiri, nalo ni virusi vya homa ya ini B. Virusi hivyo huua seli za ini, na ini hujaza pengo kwa kugawanya zilizobaki. Linagawanyika wakati madoa ya sumukuvu bado yapo. Unakili umewahi. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba wanaume waliokula sumukuvu bila virusi walikuwa na hatari ya saratani ya ini takriban mara 3 ya wasiokuwa na lolote, wenye virusi bila sumukuvu takriban mara 7, na wenye vyote viwili karibu mara 60. Ukiniuliza mimi, tarakimu hiyo ya mwisho ilistahili kubandikwa kila kliniki. Mtoto anayepelekwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14 hupata kinga ya homa ya ini B ndani ya chanjo ya magonjwa matano, kwa hiyo mama anayefuata tarehe za kadi anapambana na sumukuvu bila kujua. Mtu mzima anaweza kupimwa, na akikutwa hana virusi anaweza kuchanjwa.

Mbio hizohizo za urekebishaji na unakili zinaeleza habari ya chai ya moto, iliyozua vicheko na hofu huku kwetu tunakolima chai. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi joto 65 pengine husababisha saratani ya umio, yaani koo la chakula. Chai ya Mufindi au ya Rungwe haina kosa. Joto lenyewe huunguza utando wa koo, seli hugawanyika haraka kuziba kidonda, na kila doa lililokuwapo linanakiliwa mapema. Asubuhi ya Julai kule Makete nani atasubiri kikombe kipoe? Lakini dakika chache zinatosha. Pombe nayo ina njia yake: ulanzi, komoni au bia ya chupa, vyote vina kilevi kimoja, na mwili hukigeuza kuwa asetaldehidi inayoshambulia vinasaba moja kwa moja.

Shirika hilohilo lina orodha inayosambazwa sana kwenye simu, na inasomwa vibaya. Kundi la 1 lina sigara, pombe, aflatoksini, na tangu 2015 soseji na nyama nyingine za kusindikwa. Watu wakahitimisha kwamba soseji ni sawa na sigara. Makundi hayo hupima uzito wa ushahidi, kwamba kitu kinaweza kusababisha saratani, bila kusema kwa kiasi gani. Moshi wa kuni ndani ya nyumba uko kundi la 2A, chini ya soseji, lakini mama anayepikia mafiga kwenye jiko lisilo na dirisha anauvuta saa nyingi kila siku ya maisha yake, na wengi wetu hatuli soseji hata mara moja kwa wiki.

Nirudi kwenye mahindi, maana huko ndiko uamuzi uko mikononi mwetu. Imani ya kwanza ya kuondoa ni kwamba moto unaua kila kitu. Moto unamuua kuvu, sumu yake inabaki. Aflatoksini huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ili kuvunjika sawasawa, na Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Songa ugali mpaka mwiko uvunjike, hutafika. Kukoboa kunasaidia kweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini, kwa hiyo wapenda dona wachambue zaidi kuliko wala sembe. Wapo pia wanaoogopa dawa ya unga ya kuhifadhia kuliko ukungu. Dawa ni sumu ya kuheshimiwa, ina kipimo chake na siku zake za kusubiri, lakini dumuzi akitoboa punje anamfungulia kuvu mlango. Mfuko usioingiza hewa, ukifungwa vizuri juu ya mahindi makavu, humkosesha dumuzi hewa, na dawa haihitajiki tena.

Makavu kiasi gani? Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kung'ata punje hakutoshi kukuambia. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi cha theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi kwenye turubai. Ikiteremka yote chini, unakaribia. Udongo mtupu si pa kuanikia, kwa sababu kuvu mwenyewe anaishi humo.

Baridi ya Njombe na Makete inatusaidia, kwa kuwa Aspergillus hupenda joto. Kyela, Usangu na Isimani wana kazi zaidi, hasa mwaka wa ukame, maana mmea wenye kiu huambukizwa ukiwa bado shambani. Lakini wa baridini wasijisahau: kuna kuvu wengine wanaopenda ubaridi na mvua, wenye sumu zao.

Yamebaki yale mabovu uliyoyachambua. Mazoea yetu ni kuyapeleka kwenye komoni, au kuyasaga yawe chakula cha kuku na ng'ombe. Pombe haiisafishi sumu. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutokea kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili, na maziwa hayo ndiyo anayochemshiwa mtoto. Mabovu yafukiwe au yachomwe, mbali na banda.